Watu wa Mpala na Kirungu



Sisi wakaaji wa Lubumbashi, tukiulizwa Kanisa la Katanga lilianzia wapi, huonyesha mambo tuliyo nayo karibu. Mmoja hutaja kathedrali ya Watakatifu Petro na Paulo. Mwingine hutaja Wabenediktini waliokabidhiwa nchi hii mwaka 1910. Mwingine tena huwataja Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Elisabethville mwaka 1911 na kufungua shule. Majibu hayo ni ya kweli kwa mji wetu. Lakini reli ilipofika hapa kwa mara ya kwanza, mwaka 1910, Misa ilikuwa imekwisha kusomwa kwa muda wa miaka 25 katika nchi ya Watabwa, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mahali penyewe ni Mpala. Baadaye Mpala ilipata mdogo wake, ndiyo Kirungu, juu ya bandari ya Moba. Sehemu hizo zote mbili zilihesabiwa katika Katanga ya zamani. Tangu mwaka 2015 zimo katika jimbo la Tanganyika.

Habari za Mpala na Kirungu zimo katika vitabu vingi, nazo zimejaa majina ya makapteni, mapadri na maaskofu wa Ulaya. Siwapunguzii heshima yao. Lakini nani alichoma matofali ya makanisa yale? Nani alipiga makasia ya mitumbwi? Nani aliwafundisha wageni lugha, akawaonyesha maji ya kunywa na udongo wa kulima? Nilikwenda huko kuwaona watu, tena kuwauliza. Na leo nataka kuwaeleza ninyi jambo nililolielewa: Kanisa la ziwani halikuletwa tayari katika chombo, kama mzigo wa bidhaa. Lilijengwa na watu wa kule kule, nao wengi wao walikuwa watu walioporwa kila kitu.

Njia ya kwenda

Mtu aendaye Moba kwa barabara kutoka Lubumbashi hupita Kasomeno, hufika Pweto penye Ziwa Moero, kisha hupanda milima ya Marungu kwa njia ya Pepa. Si safari ya siku moja, na wakati wa mvua hakuna mtu awezaye kuahidi siku ya kufika. Lori likizama katika matope, wasafiri hushuka wote, mwenye suti na mwenye kaniki, wakakata matawi na kusukuma. Juu ya Marungu usiku ni wa baridi, hata sisi tunaojisifu kwamba twaijua baridi ya mwezi wa Juni tulijifunika kila nguo tuliyokuwa nayo. Ni nchi ya ng'ombe, maharagwe na viazi.

Kisha njia huteremka, na ziwa huonekana. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake chafika mita 1,470. Katika maziwa yote ya maji matamu duniani hakuna lililo refu kama hilo. Ng'ambo yake ni Tanzania. Huko chini, bandarini, akina mama huanika ndakala kwa jua, na harufu yake humpokea mgeni kabla ya mtu yeyote kumwamkia. Kirungu iko juu, penye upepo, na misioni yake hapo. Mpala iko upande wa kaskazini, kwenye mdomo wa mto Lufuko, kwenye njia ya kuelekea Kalemie.

Wenyeji wa kule wana desturi ambayo sisi watu wa mjini tumeanza kuiacha. Mgeni haulizwi haja yake mara moja. Hupewa kiti, hupewa maji, huulizwa habari za nyumbani, habari za njiani, habari za wagonjwa. Mzee mmoja, aliyefundisha dini miaka mingi, aliniona nina haraka ya kuandika, akacheka, akaniambia: “Mwanangu, kwetu si kosa kuuliza habari za zamani. Kosa ni kuziuliza ukiwa umesimama.” Basi nikaketi.

Bwana Boma na kichwa cha Lusinga

Kabla ya kuja kwa Wazungu, nchi ile ilikuwa na masultani wake, wakubwa kwa wadogo. Mmoja wao ni Mpala, ambaye jina lake ndilo lililobaki. Tarehe 4 Mei 1883 alifika kwake askari Mbelgiji, Luteni Émile Storms, akitoka Karema, ng'ambo ya ziwa. Alitumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kilichojiita Chama cha Kimataifa cha Afrika. Storms na Mpala walichanjiana, wakawa ndugu wa damu kwa desturi ya nchi; ndipo Storms akajenga ngome, na watu wakamwita Bwana Boma.

Jirani mwenye nguvu alikuwa Lusinga. Huyu alikuwa akishambulia vijiji, akikamata watu na kuwauza ili apate bunduki na baruti. Wengi walimwogopa. Storms alitaka kuwa mkubwa wa nchi, na Lusinga hakukubali kuwa mdogo wa mtu. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walikwenda kwa Lusinga, wakamwua, wakakata kichwa chake, wakampelekea bwana wao. Storms aliporudi Ulaya alikichukua kichwa hicho pamoja na vingine, na pia sanamu ya mababu ya Lusinga iliyochongwa kwa mti. Sanamu hiyo imekuwa ikitazamwa na wageni katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles. Fuvu lenyewe liliwekwa miaka mingi ndani ya sanduku katika nyumba za elimu za Ubelgiji, kama mtu awekavyo jiwe au mfupa wa mnyama. Mwaka 2018 gazeti moja la Ubelgiji liliifichua habari hiyo kwa watu wote, na mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyosimama katika uwanja mmoja wa Bruxelles iliondolewa.

Pengine msomaji ataniuliza: Katekista, kwa nini watuletea habari ya kichwa cha mtu katika gazeti la Kanisa? Nami najibu: kwa sababu misioni yetu ilirithi ngome ile ile, miezi michache tu baada ya kifo hicho. Watabwa hawakuisahau habari hiyo. Mwanachuo Mmarekani, Allen Roberts, aliyekaa kwao katika miaka ya 1970, aliyasikia masimulizi ya wazee, akayalinganisha na maandishi ya Storms, na kitabu chake kikatoka mwaka 2013. Ikiwa wazee wanasimulia, na wanachuo wa ng'ambo wanaandika, sisi Wakristu tukinyamaza, watoto wetu watafikiri kwamba tunaogopa ukweli. Lusinga alitenda mabaya. Lakini mtu mbaya naye ana mwili aliopewa na Mungu, na kumzika maiti ni mojawapo ya matendo ya huruma tunayofundisha katika katekisimu.

Misioni ya watu waliokombolewa

Mwaka 1885 Mfalme Leopold alikwisha kuipata nchi ya Kongo mbele ya mataifa ya Ulaya, baada ya mkutano wa Berlin. Sasa alitazama njia ya mto Kongo, wala hakuwa tena na haja kubwa ya vituo vya ziwani vilivyofikiwa kutoka Zanzibar. Storms akaitwa kurudi kwao. Mwezi wa Julai 1885 Mpala ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na wawili waliopokea ni Padri Isaac Moinet na Padri Auguste Moncet. Shirika lao lilianzishwa na Kardinali Lavigerie huko Alger mwaka 1868. Wenzao walikwisha kufika Ujiji mwaka 1879, na kwa upande wa Kongo walikuwa wamejenga Kibanga mwaka 1883.

Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa moto. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara misafara iliendelea. Watu walikamatwa Maniema, Marungu na nchi za Waluba, wakafungwa kongwa, wakavushwa ziwa mpaka Ujiji. Aliyechoka njiani aliachwa afe. Mapadri walikomboa watoto kwa kuwalipia vitambaa na bidhaa nyingine, wakawaleta katika misioni. Tena watu wa vijiji vya jirani walikimbilia ngomeni wenyewe, wakitafuta ukuta wa kujificha.

Fikirini, ndugu zangu, kijiji cha namna hiyo. Hapa mtoto wa Kihemba, pale mtoto wa Kiluba, hapa binti asiyelikumbuka hata jina la mama yake. Hakuna aliye na mjomba wa kumsemea maneno ya ndoa. Hakuna aliye na kaburi la babu karibu. Lugha zao hazikupatana, basi walisema Kiswahili, lugha ya misafara ile ile iliyowachukua. Lugha waliyoamriwa kwayo kubeba mzigo ndiyo waliyojifunzia Baba Yetu na Salamu Maria. Sisi tunaosali Rozari kwa Kiswahili hapa Lubumbashi, tumekula chakula kilichopikwa na watu wale.

Kazi ya kuwafundisha haikuwa ya haraka. Kardinali Lavigerie aliamuru kwamba mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa na kujaribiwa miaka minne. Padri mmoja au wawili wasingeweza kuwafundisha watu wengi muda huo wote. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi iliwaangukia walimu Waafrika. Ng'ambo ya ziwa, Karema, alikuwako Adrien Atiman, aliyezaliwa katika nchi ya Mali ya leo, akaibiwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu wagonjwa na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka 60, mpaka kifo chake mwaka 1956. Jina la Atiman tunalijua. Walimu wengine wengi wa pwani zote mbili walipita toka kijiji hata kijiji kwa miguu, na hatuna hata karatasi moja yenye majina yao.

Yatupasa kusema pia yaliyokuwa magumu. Misioni ile ilikuwa kanisa, shule, shamba na baraza la hukumu, vyote pamoja. Kardinali Lavigerie alitumaini kuona ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika, na Mpala ilitazamwa kama mbegu yake. Basi mapadri walitawala kama masultani. Waliokombolewa hawakuwa na uhuru wa kwenda watakako. Walilima, walijenga, walioana chini ya uangalizi wa misioni, na mkosaji aliadhibiwa. Desturi za mababu nyingi zilikatazwa kabla ya kueleweka. Wapo waliokaa kwa shukrani, na wapo waliotoroka. Mtu aliyetolewa katika kongwa alipata usalama, lakini ilimbidi angoje tena kabla ya kuwa bwana wa nyumba yake mwenyewe.

Kapteni na mke wake

Ukuta peke yake haukutosha. Mwaka 1887 alikuja kukaa Mpala Kapteni Léopold Joubert, Mfransa, aliyezaliwa mwaka 1842. Katika ujana wake alikuwa askari wa Baba Mtakatifu huko Roma, mpaka dola ya Papa ilipoanguka mwaka 1870. Joubert aliwafundisha vijana wa kule kutumia bunduki, akawalinda watu wa pwani na wakamataji wa watumwa. Hali ilikuwa mbaya, kwa maana watu wa Rumaliza wa Ujiji walikuwa na silaha nyingi. Mwaka 1891 ukafika msaada: Kapteni Jacques na kundi la chama cha Ubelgiji cha kupinga utumwa. Ngome aliyoijenga ndiyo chanzo cha Albertville, mji wa Kalemie wa leo.

Vitabu humsifu Joubert kwa vita vyake. Mimi napenda kutaja jambo jingine. Mwaka 1888 alifunga ndoa mbele ya altare na binti wa Kiafrika, Agnes Atakaye. Wakati ule Wazungu wengi waliishi na wanawake weusi kwa siri, wakawaacha pamoja na watoto siku ya kurudi Ulaya. Joubert hakurudi. Alijenga makao yake Mtakatifu Luis wa Mrumbi, akalima, akalea watoto, akazeeka katika nchi ya mkewe, akafa Moba mwaka 1927 akiwa na miaka 85. Bila Agnes na jamaa zake, huyu Mfransa angalibaki mgeni mwenye bunduki tu. Mwanamke huyu ndiye aliyemfanya awe mtu wa kule.

Kirungu na Padri Stefano Kaoze

Mwaka 1893 Padri Victor Roelens, Mbelgiji, alianzisha misioni ya Kirungu, ikaitwa Baudouinville. Wengi hudhani jina hilo lilitoka kwa Mfalme Baudouin, yule aliyekuja Léopoldville siku ya uhuru mwaka 1960. Sivyo. Lilitoka kwa kijana mwingine, mtoto wa ndugu yake Leopold wa Pili, aliyefariki mwaka 1891. Mwaka 1895 walifika Masista Weupe, na Roelens mwenyewe akapewa daraja ya uaskofu mwaka 1896. Alikaa katika kazi ile mpaka uzee, akafa huko huko mwaka 1947.

Askofu Roelens alikuwa mtu mkali, lakini aliona mapema kwamba Kanisa lisilo na mapadri wa nchi ni nyumba ya kupanga. Shule ya vijana wa kusomea upadri ilianza Mpala mwishoni mwa karne ya 19. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo kijana wa Marungu, Stefano Kaoze. Mwaka 1905 aliingia seminari kubwa ya Baudouinville. Wazungu wengine walicheka. Walisema mtu mweusi hataweza Kilatini na filosofia, wala maisha ya useja. Kaoze alisoma miaka 12. Kabla hata ya kupewa upadri, kati ya mwaka 1910 na 1911, maandishi yake juu ya fikra na desturi za Wabantu yalichapishwa huko Ubelgiji. Huyu kijana hakuyadharau mambo ya mababu zake. Aliyaeleza, ili wale waliomfundisha nao wafundishwe.

Tarehe 21 Julai 1917 aliwekewa mikono na Askofu Roelens huko Baudouinville. Ndiye Mkongo wa kwanza kupewa upadri katika zama hizi zetu. Mwaka 1920 alisafiri na Askofu wake mpaka Roma, wakati Mashahidi wa Uganda walipotangazwa Wenye heri. Alifanya kazi ya Mungu mpaka alipofariki Albertville mwaka 1951.

Hesabuni basi. Toka siku ile kichwa cha Lusinga kilipokatwa, mpaka siku ile kijana wa Marungu aliposoma Misa yake ya kwanza, ni miaka 33 tu. Watu waliokuwa watoto mwaka 1884, waliojificha vichakani wakisikia bunduki, waliweza kupiga magoti mwaka 1917 na kupokea baraka kwa mikono ya mwana wa nchi yao. Naamini siku ile ndiyo waliyojua kwamba Kanisa ni lao.

Mwana wa Agnes

Joubert na Agnes walimzaa mwana mwaka 1908, wakamwita Albert. Alikuwa padri mwaka 1935. Mwaka 1964, wakati wa maasi ya Simba, alikuwa Fizi, upande wa Uvira, pamoja na Padri Giovanni Didonè, Mwitaliano wa shirika la Wasaveriani. Tarehe 28 Novemba waasi waliwaua kwanza Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin huko Baraka, kisha wakaja Fizi, wakawaua Padri Didonè na Padri Albert. Alikuwa na miaka 56. Siku tatu baadaye, huko Isiro, Sista Anuarite naye aliuawa.

Tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wale wanne kuwa Wenye heri, katika mji wa Uvira. Hivyo mtoto wa Agnes Atakaye, binti wa ziwani, sasa hutajwa altareni. Baba alishika bunduki ili kuwalinda watu. Mwana hakushika kitu, akabaki na wenzake.

Waliorudi kwa mashua

Mambo ya Moba hayakwisha na wakati wa zamani. Vita vilivyoanza mwaka 1998 viliikuta nchi ile. Watu wa Moba na Pweto walikimbilia Zambia kwa maelfu, wakakaa miaka mingi katika kambi za Mwange na Kala. Kambini walizaa, walizika, walijenga makanisa ya matope, na makatekista wao walifundisha kama kawaida. Mwaka 2007 safari za kurudi zilianza. Wengi walipandishwa meli Mpulungu, wakateremshwa Moba. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, uvumi uliwasha fujo mjini, na watu walishambulia nyumba za Umoja wa Mataifa. Kurudi nyumbani hakukuwa rahisi: shamba limelimwa na mwingine, nyumba imeanguka, na jirani haaminiwi.

Mama mmoja aliyerudi wakati ule alinieleza habari zake bila machozi, akichambua maharagwe. Alisema waliporudi, kitu cha kwanza walichofanya katika shirika lao la jumuiya si kujenga. Walikaa chini wakahesabiana: nani amefika, nani amebaki Zambia, nani amekufa, mtoto huyu ni wa nani. Baada ya hapo ndipo walipokata miti ya nyumba.

Nilipomsikia mama huyu, nilikifikiria kile kijiji cha mwaka 1885, cha watoto wasiojua jina la mama. Mara mbili, katika muda wa miaka 120 hivi, watu wa pwani ile walitawanywa na bunduki. Mara mbili walianza upya na watu wasiokuwa wa ukoo mmoja. Hiyo ndiyo kazi wanayoijua kuliko sisi. Hapa Lubumbashi tuna makabila mengi mtaani, na tunaishi kwa kuogopana. Uchaguzi ukikaribia, maneno ya “huyu si wa hapa” husikika mpaka mlangoni mwa kanisa. Watu wa Mpala wangetuuliza: basi ninyi wa hapa mlitoka wapi? Mji wetu nao ulijengwa na watu walioletwa kutoka mbali kuja kufanya kazi ya shaba.

Mambo ya kufanya

Ndugu wasomaji, sitaki habari hizi ziishie katika kusomwa. Nawaomba mambo matatu.

La kwanza, katika parokia zetu za Kenya, Katuba, Ruashi na kwingineko, wapo wazee waliotoka Moba, Mpala na Kalemie. Waiteni vijana wa chama, wakawatembelee, wakaketi, wakaandike: babu alibatizwa wapi, nani alimfundisha, ukoo ulitoka nchi gani. Mzee akifa, hakuna rejesta itakayojibu maswali hayo.

La pili, tunapowafundisha watoto habari za Kanisa letu, tusianze na jengo. Tuanze na Kaoze, na Agnes, na mwana wake Albert, na walimu wale waliotembea kwa miguu. Tena tusiache habari ya Lusinga. Mtoto atakayeisikia kwetu, ikielezwa kwa haki, hatatushangaa atakapoikuta kwingine.

La tatu, tuwaombee wafu wa ziwa lile: waliofia njiani wakiwa kongwani, waliofia ngomeni, waliofia kambini. Na Lusinga tumwombee vilevile, ambaye mwili na kichwa chake vilitenganishwa na bahari. Kila mwaka tarehe 2 Novemba twataja majina ya marehemu wetu. Mwaka huu, katekista anayesoma karatasi hii aongeze mstari mmoja katika orodha yake: watu wa Mpala na Kirungu, ambao Mungu peke yake ayajua majina yao.